Sheria Inayoanzia Uwanja wa Ndege

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani, Makobola, kusini mwa Uvira kwenye barabara inayokwenda Baraka na Fizi. Jioni moja baba mdogo aliniita nje, akanipa karatasi iliyokunjwa mara nne, laini kwa jasho la mfukoni.

"Wewe unasomaka luga," aliniambia. "Nisomee hii."

Ulikuwa ukurasa mmoja wa Kiingereza, wenye muhuri wa mnunuzi ambaye sitamtaja. Niliusoma mara mbili kabla ya kufungua mdomo.

"Inasema kwa samaki mia moja makumi mbili, makumi ine na moja ilifika imekufa. Watakata pesa yake kwa malipo yenye kuja."

"Ilikufia wapi?"

"Haisemi."

"Sasa wanajuaje ni mimi niliiua?"

Sikuwa na jibu. Nilirudi chuoni nikiwa na swali lake, na makala haya ni jaribio langu la kulijibu mbele ya wasomaji wa jarida letu. Nitasema mapema ninakoelekea. Sheria zinazobana usafirishaji wa wanyama hai kwa ndege ni sheria nzuri, na sitaki zilegezwe. Kasoro yake ni kwamba zinaanzia uwanja wa ndege, wakati safari ya mnyama huanzia mbali zaidi, na kwamba hazijawahi kusemwa katika lugha ya mtu anayemshika mnyama huyo kwa mara ya kwanza.

Safari ya samaki wa mawe

Samaki wa baba mdogo si wale unaowajua sokoni Uvira. Si ndagala, si mukeke, si sangala, si kuhe. Ni samaki wadogo wanaoishi kwenye mawe ya ufuoni, wengi wao hawazidi urefu wa kiganja, ambao hakuna mtu wa kwetu anayehangaika kuwapika. Wataalamu wanawaita sikilidi. Ziwa Tanganyika lina zaidi ya aina 200 za sikilidi, na karibu zote hazipatikani ziwa jingine lolote duniani. Baadhi, kama wale wa jamii ya Tropheus, hawapendi hata kuvuka eneo la mchanga. Wanazaliwa kwenye mawe fulani na kufia hapo hapo, kwa hiyo samaki wa ufuko mmoja hutofautiana rangi na ndugu zao wa ufuko unaofuata. Ndiyo maana wafugaji wa Ulaya, Marekani na Asia, wanaowaweka kwenye matangi ya vioo sebuleni, huandika jina la kijiji baada ya jina la Kilatini. Mtu wa Hamburg ambaye hawezi kuionyesha Uvira kwenye ramani anajua kuwa samaki wa ufuko mmoja si samaki wa ufuko mwingine.

Biashara hii si ya jana. Enzi za ukoloni, taasisi ya utafiti iliyojulikana kama IRSAC, yenye makao yake Lwiro karibu na Bukavu, ilikuwa na kituo Uvira, ambacho leo ni Kituo cha Utafiti wa Hidrobiolojia. Watafiti wake walikusanya samaki, na mtaalamu Mbelgiji Max Poll akawapa majina. Mmoja aliitwa Tanganicodus irsacae, kwa heshima ya taasisi yenyewe. Mwingine, mweusi mwenye madoa meupe mithili ya ubao wa drafti, aliitwa Julidochromis marlieri mwaka 1956, kwa heshima ya Georges Marlier aliyefanya kazi Uvira. Kuanzia miaka ya 1970 Mbelgiji mwingine, Pierre Brichard, alijenga biashara kubwa ya kuwasafirisha samaki hawa wakiwa hai kutoka Bujumbura. Naye ana samaki wenye jina lake.

Kazi inafanyika hivi. Mzamiaji anashuka akipumua kwa bomba linalotoka kwenye mashine ya hewa mashuani. Anatandaza wavu mwembamba kuzunguka mawe, anawatisha samaki kwa mikono, wanajibana kwenye wavu, anawatoa mmoja mmoja. Hapo ndipo hatari ya kwanza ilipo. Kila mita 10 za maji huongeza mgandamizo unaokaribia uzito wa hewa yote iliyo juu yetu. Samaki aliyezoea kina cha mita 20 ana mfuko wa hewa tumboni uliojipima kwa kina hicho. Ukimpandisha kwa haraka, hewa inatanuka, tumbo linavimba, macho yanatoka, anaelea ubavu. Inabidi apandishwe kidogo kidogo, akipumzishwa njiani, pengine kwa saa nyingi, pengine hadi kesho yake. Mzamiaji mwenyewe yuko chini ya kanuni ile ile. Akipanda mbio kutoka kwenye kina anaweza kupooza, anaweza kufa.

Baada ya hapo samaki huwekwa kwenye ndoo au vizimba, kisha kwenye mifuko ya plastiki tunayoiita sashe. Theluthi moja ni maji, sehemu iliyobaki ni oksijeni. Sashe huwekwa mbili mbili ili moja ikitoboka nyingine ishike, kisha zinapangwa kwenye sanduku la povu jeupe linalozuia joto na baridi. Lakini kabla ya kufungwa, samaki hanyweshwi dawa wala hapewi chakula cha njiani. Ananyimwa chakula, siku moja, mbili, au zaidi kwa aina fulani. Sababu ni kwamba kinyesi na pumzi ya samaki hutoa amonia, na amonia ni sumu. Maji ya Tanganyika yana ualkali mkubwa, na katika maji ya namna hiyo amonia huwa kali kuliko kwenye maji ya kawaida. Tena kuna mtego hapo. Samaki akiwa ndani ya sashe, hewa chafu anayoipumua hupunguza ualkali na hivyo kuituliza sumu. Mpokeaji akifungua sashe kwa pupa, hewa ile inatoka, ualkali unapanda, na amonia iliyokuwa imelala inaamka. Samaki aliyevuka mabara mawili akiwa hai anaweza kufa mbele ya macho ya mpokeaji, kwa kosa la mpokeaji.

Rudi sasa kwenye swali la baba mdogo. Ilikufia wapi? Huenda walikufa kwa kupandishwa haraka, kwa kukaa juani mpakani Kavimvira wakisubiri karatasi, kwa baridi kwenye uwanja wa kati ambako mizigo huhamishwa, au kwenye tangi la Ulaya dakika kumi baada ya kufunguliwa. Katika sehemu zote hizo, baba mdogo alikuwepo moja tu. Hata hivyo hasara yote ilikatwa kwake.

Sheria inasema nini

Kuna tabaka mbili kubwa za kanuni. La kwanza ni Mkataba wa Biashara ya Kimataifa ya Wanyama na Mimea Walio Hatarini Kutoweka, unaojulikana kwa ufupisho wa CITES. Ulitiwa sahihi Washington mwaka 1973 na kuanza kazi 1975. Nchi yetu, ikiitwa Zaire, ilijiunga 1976. Mkataba huu una orodha tatu zinazoitwa viambatisho, kulingana na ukubwa wa hatari. Pamoja na kudhibiti vibali, unazitaka mamlaka zijiridhishe kwamba mnyama hai ataandaliwa na kusafirishwa kwa namna inayopunguza uwezekano wa kuumia, kudhurika afya au kutendewa ukatili. Hata hivyo sikilidi wa Makobola hawamo kwenye viambatisho hivyo. Unaweza kumaliza samaki wote wa ufuko mmoja bila kuugusa mkataba huu.

La pili ni Kanuni za Wanyama Hai za IATA, jumuiya ya kimataifa ya mashirika ya ndege. Hizi zinamhusu kila mnyama, awe adimu au wa kawaida, tembo au samaki. Zinaeleza aina ya chombo, nafasi ya kila mnyama, hewa, joto, lebo ubavuni mwa sanduku, mishale ya kuonyesha upande wa juu, na hati ambayo msafirishaji anatia sahihi kuthibitisha kwamba wanyama wako katika hali njema na wameandaliwa ipasavyo. CITES nayo inazitambua kanuni hizi kama kipimo kwa safari za angani. Shirika la ndege likikataa sanduku kwa kutofuata kanuni, sanduku halipandi.

Nilipozisoma nilivutiwa. Mtu fulani alikaa akafikiria kama kasuku ataweza kugeuka ndani ya kizimba bila kuvunja mkia. Tatizo langu ni mahali zinapoanzia. Zinaanza pale mnyama anapoandaliwa kuwa shehena. Mita 20 za maji hazimo, wala ndoo ya kwanza, pikipiki ya kuelekea Uvira au saa za mpakani. Tena sahihi ya msafirishaji hutiwa na mwenye ofisi ya usafirishaji, ambaye katika biashara hii mara nyingi yuko ng'ambo ya Ruzizi, kwa kuwa Bujumbura ndiko kwenye uwanja wa ndege wa karibu. Yeye anaahidi kwa niaba ya mikono asiyoijua. Ahadi ikivunjika, gharama inashuka ngazi hadi kwa mtu wa chini kabisa, ambaye hakuahidi chochote kwa sababu hakuna aliyemsomea.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mnyama hai, akishakuwa mzigo, huwa mwepesi sana machoni pa kila anayempokea na kumpitisha.

Twiga waliopanda ndege

Mtu anaweza kusema haya ni mambo ya samaki wadogo tu. Tuangalie basi jirani zetu.

Novemba 2010, wanyama na ndege zaidi ya 100, wakiwemo twiga wanne, walipakiwa kwenye ndege ya kijeshi ya Qatar katika Uwanja wa Kimataifa wa Kilimanjaro, Tanzania, wakapelekwa Doha. Kwa miaka kadhaa maneno "twiga kupandishwa ndege" yalikuwa mfano wa ufisadi bungeni na vijiweni. Twiga hafichiki mkobani. Alipita barabarani, akapita getini, akapandishwa. Kanuni za chombo na hewa haziwezi kufanya kazi pale ambapo walinzi wa geti wamegeuza macho. Mwaka 2014 mahakama mjini Moshi ilimhukumu raia mmoja wa kigeni kifungo cha miaka 60 kwa kesi hiyo. Alihukumiwa bila yeye kuwepo.

Mwaka 2016, baada ya tumbili 61 kukamatwa uwanja huo huo wakiwa tayari kusafirishwa, serikali ya Tanzania ilipiga marufuku usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi kwa miaka mitatu, na marufuku ikaendelea. Juni 2022 mamlaka zilitangaza kuwapa wafanyabiashara miezi sita ya kuondoa wanyama waliokuwa wamebaki mikononi mwao. Watu wakapiga kelele, na tangazo likasimamishwa mara moja. Hapo nilijifunza jambo. Tangazo lilikuwa kwa Kiswahili, mjadala ulikuwa kwa Kiswahili, na kwa hiyo muuza mihogo wa Arusha aliweza kuwa na maoni. Serikali ilijibu kwa sababu ilieleweka na ilijua kuwa imeeleweka.

Kenya nako, Januari 2022 lori lililobeba tumbili 100 wa maabara lilipata ajali Pennsylvania, Marekani. Tumbili hao walikuwa wametoka Morisi wakapitia Nairobi. Shirika la ndege la Kenya Airways likatangaza kwamba mkataba wa kubeba wanyama hao ukiisha mwezi wa pili halitauhuisha. Hakuna bunge lililopitisha sheria hiyo. Shirika lenyewe liliamua kwamba sanduku la namna ile halitapanda tena, na ajali iliyoleta uamuzi huo ilitokea barabarani, nje kabisa ya uwanja wa ndege.

Kwetu Kongo mfano mkubwa ni kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu. Mkutano wa CITES uliofanyika Johannesburg mwaka 2016 ulimhamishia Kiambatisho cha Kwanza, yaani biashara ya kimataifa ya kasuku waliokamatwa porini ikafungwa kuanzia Januari 2017. Serikali yetu iliweka pingamizi rasmi. Nani alimweleza mtega kasuku wa msituni kwamba kazi aliyoirithi kwa baba yake imebadilika kuwa kosa mbele ya dunia, lakini nchi yake haikubali? Kifaransa cha pingamizi hilo ni kigumu hata kwangu.

Ya sarufi

Kwa kuwa hili ni jarida la kitivo cha lugha, niruhusuni kusimama hapa kidogo.

Kiswahili sanifu humpa mnyama upatanisho wa mtu. Twiga *amepanda*, samaki *wamekufa*, kama vile mwalimu *amepanda*, wazee *wamekufa*. Nomino inaweza kuwa na umbo la ngeli nyingine, kama kifaru au kipepeo, lakini uhai unaivuta kwenye ngeli ya watu. Shehena ni jambo jingine. Mzigo *umefika*. Sanduku *limeharibika*. Karatasi ya mnunuzi ilipoandika kuhusu samaki, ilihesabu vipande, bei ya kipande na vipande vilivyoharibika. Ukiitafsiri kwa uaminifu, unajikuta unaandika Kiswahili ambacho samaki wametoka kwenye ngeli ya walio hai hata kabla hawajafa.

Najua hatari ya hoja hii. Kiswahili chetu cha Kivu husema "samaki inakufa", na mtu asije akadhani kwamba mama wa Makobola ana huruma ndogo kuliko mama wa Unguja. Sarufi haitoi huruma. Ninachosema ni kidogo zaidi: mtafsiri anapaswa kuamua. Atakapoiandika kanuni kwa Kiswahili atalazimika kuchagua kati ya *uli-* na *wali-*, na uchaguzi huo utamkumbusha yeye na msomaji wake kile kilichomo ndani ya sanduku.

Nilijaribu mwenyewe. Kwa siku tatu nilikaa na baba mdogo tukageuza masharti ya kusafirisha samaki kuwa Kiswahili cha ukurasa mmoja. Msongamano haukutusumbua, kila aliyepanda mtumbwi wa injini kwenda Baraka anaujua msongamano. Nilipofika kwenye kunyima chakula nikaandika "samaki wafungishwe siku mbili". Baba mdogo alicheka hadi akashika mbavu. "Samaki nayo inafunga? Kwaresima ao Ramazani?" Tukabadilisha: "Wasipewe chakula siku mbili kabla ya kufunga sashe, ili maji yasichafuke." Maneno yakaongezeka, lakini sababu ikaingia ndani ya amri. Nadhani ndivyo kanuni zote zinavyopaswa kuandikwa kwa mtu anayezitumia. Alipojua kwa nini, aliniambia kwamba kwa miaka mingi alikuwa akiwalisha vizuri jioni ya mwisho, akiwahurumia kwa safari ndefu. Huenda baadhi ya wale 41 walikufa kwa huruma hiyo. Hakuna aliyewahi kumwambia.

Wanaouliza: na watu je?

Kuna pingamizi ninalolisikia kabla sijamaliza sentensi. Makobola? Kijiji ambacho kati ya tarehe 30 Desemba 1998 na siku za kwanza za Januari 1999 mamia ya raia waliuawa, na mauaji hayo yameandikwa katika ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2010? Huko ndiko unakotaka kuzungumzia starehe ya samaki ndani ya ndege? Watu wa kwetu wanasafiri wamebanana, barabara inakatwa na maji na bunduki, na wewe unapima lita za oksijeni za kiumbe asiyelika!

Siwezi kulipuuza pingamizi hili, kwa kuwa limesemwa na watu wa nyumbani kwangu, wakiwa na haki ya kulisema. Sitaweka samaki na watu kwenye mizani moja. Nitajibu kwa jambo dogo nililoliona. Mkono uleule usiouliza samaki alifia wapi hauulizi pia mzamiaji alipumua hewa gani. Mashine ya hewa inayovuta moshi wa injini yake yenyewe inamsumisha aliye chini. Mnunuzi anayetaka samaki 120 kesho asubuhi anamlazimisha mtu apande haraka, na hapo wanapanda wote wawili, mtu na samaki, kila mmoja na hewa inayotanuka ndani yake. Kanuni inayosema "wapandishwe polepole" ikifuatwa, inamwokoa pia yule anayewapandisha.

Wapo pia wanaosema tufunge kabisa, kama Tanzania ilivyofanya kwa wanyamapori. Kwa kasuku na sokwe nakubaliana nao. Kwa samaki wa mawe nina shaka. Sikilidi wengi wa Tanganyika sasa wanazalishwa kwenye mabwawa na matangi nje ya Afrika. Tukifunga ziwa peke yetu, biashara haitakufa. Itaendelea bila sisi, na jina la kijiji litabaki kwenye lebo ya samaki ambaye hajawahi kuuona ufuko wake. Wakati huo huo, kuacha kila mtu achote apendavyo kwenye mawe ambayo samaki wake hawapatikani kwingine ni upumbavu. Kati ya milango hiyo miwili kuna kanuni, na kanuni inahitaji kueleweka.

Ninachopendekeza

Kwanza, hati ya mnyama hai ianzie majini. Karatasi inayofuatana na sanduku iwe na mistari ya kila mkono uliolishika: nani alipokea, saa ngapi, hai wangapi, wafu wangapi. Si jambo kubwa. Ziwa letu lina nchi nne, Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia, ambazo zilitia sahihi mkataba wa pamoja wa kulisimamia Dar es Salaam mwaka 2003 na kuunda Mamlaka ya Ziwa Tanganyika, yenye makao Bujumbura. Samaki anayevuka Ruzizi kabla ya kupanda ndege ni jambo la mamlaka ya namna hiyo hasa.

Pili, hasara igawanywe kulingana na karatasi hiyo. Asiyeweza kuonyesha kwamba alimpokea mnyama akiwa mgonjwa asimkate pesa aliyemkabidhi.

Tatu, na hili ni letu. Lugha za kazi za CITES ni tatu: Kiingereza, Kifaransa na Kihispania. Sheria yetu ya uhifadhi ya tarehe 11 Februari 2014 iliandikwa kwa Kifaransa. Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa katika Katiba yetu ya 2006, na wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Kongo iliingia mwaka 2022, waliamua Kiswahili kiwe lugha rasmi ya Jumuiya. Tumeshangilia sana maamuzi ya namna hiyo. Kila tarehe 7 Julai tunavaa vitenge na kusoma mashairi. Naomba mwaka mmoja tufanye jambo jingine: darasa la tafsiri la kitivo hiki lichukue masharti ya kusafirisha wanyama hai, liyageuze kuwa Kiswahili kinachosomeka kwa sauti ufukweni, na liyapeleke kwanza kwa wavuvi wayachekee kabla hatujayachapisha. Kicheko cha baba mdogo kilinirekebishia sentensi ambayo mhadhiri wangu angeipitisha.

Nimesikia hoja kwamba istilahi hazitoshi. Zinatosha. Tunasema chombo, hewa, joto, msongamano, kibali, kipimo cha ualkali. Pale tusipokuwa na neno, tuna sentensi.

Karatasi tuliyoiandika ilibandikwa ukutani nyumbani, juu ya ndoo. Chini kabisa baba mdogo alitaka tuongeze mstari mmoja ambao haumo katika kanuni yoyote niliyoisoma: mahali ambapo anayepokea sanduku anaandika idadi ya samaki walio hai na kutia sahihi. Mara ya kwanza karani wa mnunuzi alikataa, akasema hajatumwa kuhesabu. Baba mdogo akafunika sanduku, akalikalia, akasema naye hajatumwa kuuza. Walikaa hivyo hadi jua likawa kali, kisha karani akahesabu. Walikuwa 96, wote hai. Sahihi yake ninayo hapa, katika picha niliyotumiwa kwa simu.

Hatujaambiwa bado wangapi walifika.